Bwawa la Rufiji na ukuta wa kioo

Tangu mtambo wa tisa na wa mwisho wa Bwawa la Julius Nyerere uanze kazi mwaka 2025, na mradi ule wa Rufiji kufikia uwezo wake kamili wa megawati 2,115, imeshika kasi hoja moja katika mazungumzo ya wajenzi, madalali wa majengo na hata baadhi ya wasanifu: kwamba habari ya kubana matumizi ya umeme katika majengo imepitwa na wakati. Umeme tunao, tena wa maji, usiotoa moshi. Kwa nini basi mwekezaji anayejenga ghorofa 15 Upanga au Kinondoni, Dar es Salaam, asumbuliwe kuhusu vioo vyake, wakati viyoyozi vya kuvipoza vinaendeshwa na mto? Hoja hii inavutia kwa sababu nusu yake ni kweli. Nusu ya pili, ile inayohitimisha kwamba ngozi ya jengo haina tena umuhimu, ndiyo ninayoipinga. Kadiri umeme unavyozidi kuwa safi, ndivyo uchaguzi wa ukuta wa nje unavyozidi kuwa mzito katika hesabu ya kaboni ya jengo, yaani kaboni dioksaidi inayotokana na kulijenga na kulitumia, kwa kuwa sehemu kubwa ya kaboni inayobaki imo ndani ya kioo, alumini na saruji ambavyo jengo limevikwa, na hiyo ilikwisha kutoka kiwandani kabla mpangaji wa kwanza hajawasha taa.

Tuanze na jua. Ngozi ya jengo, kwa maana ninayoitumia hapa, ni kila kinachotenganisha ndani na nje: kuta, madirisha na paa, pamoja na vibaraza na vikinga-jua vinavyochomoza mbele yake. Katika nchi za baridi kazi yake kuu ni kuzuia joto la ndani lisitoroke. Berlin mwezi Januari, nje ikiwa nyuzi 5 chini ya sifuri na ndani nyuzi 20, tofauti ni nyuzi 25, na kioo kimoja cha kawaida hupitisha karibu wati 6 kwa kila mita ya mraba kwa kila nyuzi moja ya tofauti hiyo. Ndiyo maana huko huweka vioo viwili na hata vitatu kwa dirisha moja. Dar es Salaam mchana wa Februari, tofauti kati ya nje na chumba chenye kiyoyozi ni nyuzi 8 hivi, yaani kioo kilekile kitapitisha wati zisizofika 50 kwa mita ya mraba. Lakini jua la alasiri likipiga ukuta wa magharibi huleta zaidi ya wati 500 kwa mita hiyohiyo, na kioo cheupe cha kawaida huruhusu takriban asilimia 80 ya joto hilo liingie. Kwa hiyo miale ya jua inaingiza joto mara nane au zaidi ya lile linaloletwa na hewa ya nje, na muuzaji anayesifia kioo chake kwa sababu "ndicho kinachotumika Ulaya" anajibu swali ambalo huku pwani hakuna aliyeliuliza.

Jua hilo, bahati nzuri, lina ratiba. Dar es Salaam iko karibu digrii 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la adhuhuri hukaa upande wa kaskazini kuanzia mwanzoni mwa Machi hadi katikati ya Oktoba, kisha huhamia kusini kwa miezi iliyobaki. Hata linapoinama zaidi upande wa kaskazini, mwishoni mwa Juni, bado adhuhuri huwa digrii 60 hivi juu ya upeo wa macho. Desemba, likiwa kusini, hufika digrii 73. Ubapa wa zege wa sentimita 90 juu ya dirisha la kaskazini lenye urefu wa mita moja na nusu unatosha kulifunika lote adhuhuri ya Juni, na upande wa kusini ubapa mfupi zaidi unatosha. Mashariki na magharibi mambo ni mengine. Saa kumi na moja jioni jua limeshuka kiasi kwamba ubapa uleule wa sentimita 90 hufunika chini ya nusu mita ya dirisha, na sehemu iliyobaki inachomwa. Kutokana na hesabu hiyo ndogo, ambayo mwanafunzi wa kidato cha tatu anaweza kuifanya, unapatikana uamuzi mkubwa kuliko wote: jengo lirefuke kutoka mashariki kwenda magharibi, madirisha yake yatazame kaskazini na kusini, na kuta zake fupi za pembeni ziwe na matundu machache. Mpangilio huo unaafikiana na pepo pia, maana kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki na kusi kutoka kusini-mashariki, na zote mbili huzifikia kuta ndefu kwa mshazari.

Mafundi wa pwani walilijua hili kabla ya kuwapo neno kaboni. Beit-el-Ajaib ya Unguja, iliyojengwa mwaka 1883 wakati wa Sultani Barghash, ilizungushiwa vibaraza vipana katika kila ghorofa, hivi kwamba ukuta wenyewe haukuguswa na jua la mchana. Upepo wa bahari ulipita kivulini kwanza ndipo ukaingia chumbani. Nyumba za Mji Mkongwe zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene za nusu mita au zaidi zilizopakwa rangi nyeupe, na vichochoro vyembamba vilivyofanya nyumba zitiliane kivuli. Sitaki kuzisifu kupita kiasi. Ukuta mzito huhifadhi joto la mchana na kulirudisha usiku, na pwani, ambako usiku wa Februari haushuki sana chini ya nyuzi 25, mlalaji hulisikia joto hilo mwilini; kilichowaokoa wakazi ni kivuli na upepo zaidi ya unene wa jiwe. Somo hilo la kivuli ndilo lililochukuliwa na wasanifu wa miaka ya 1960 na 1970. Majengo ya mwanzo ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pale Mlimani yana mabaraza marefu, vikinga-jua vya zege na matofali yenye matundu, na Soko la Kariakoo alilolisanifu Beda Amuli lilifunikwa kwa miavuli mikubwa ya zege inayotia kivuli na kuacha hewa ipite. Majengo haya yalikuwa ya kisasa kabisa kwa wakati wake. Nalisema hili kwa sababu imejengeka dhana kwamba mwenye kutetea kivuli anataka kuturudisha kwenye makuti.

Watetezi wa kioo wana hoja zao, na baadhi zina nguvu. Ya kwanza ni matunzo: hewa ya chumvi hula nondo, lipu hupata kuvu na kubanduka, rangi hufifia ndani ya misimu michache ya mvua, ilhali alumini na kioo huoshwa tu. Ya pili ni kasi, kwa sababu paneli za kioo hupandishwa haraka kuliko matofali, tena ni nyepesi, na uzito mdogo hupunguza zege la nguzo na msingi. Ya tatu ni maisha halisi ya mjini: anayependekeza madirisha wazi katika Mtaa wa Msimbazi hajawahi kufanya kazi hapo, penye vumbi, honi, spika za matangazo na, ikifika jioni, mbu. Hoja hizi nazikubali, na kwa sababu yake sipendekezi jengo la ofisi la ghorofa 15 liishi kwa upepo na mapangaboi peke yake. Kiyoyozi kitakuwapo. Suala ni ukubwa wa kazi tunayokibebesha.

Hoja ya nne, kwamba kioo huleta mwanga wa bure wa mchana, nilikuwa nikiikubali mpaka nilipofanya kazi kwa miaka miwili katika ghorofa ya nne ya jengo moja kando ya Barabara ya Bagamoyo, upande unaotazama machweo. Ukuta ulikuwa kioo cha giza kutoka sakafuni hadi darini. Kufika saa nane na nusu mchana, wenye meza za dirishani walikuwa wamekwisha kuvuta mapazia. Mwenzetu mmoja alikunjua maboksi ya karatasi za kuchapia na kuyabandika kwenye kioo kwa gundi ya utepe, na maandishi ya kiwanda cha karatasi yakawa yanasomeka kutoka barabarani. Ukiweka kiganja kwenye kioo, ulikiondoa upesi, kwa sababu kioo cha giza hakilirudishi joto lote nje: hulifyonza, kikawa moto, kisha kikalitema ndani taratibu mpaka jua linapotua. Na juu yetu, mchana kweupe, taa zote zilikuwa zikiwaka. Jengo lilikuwa limenunua mwanga wa bure kwa bei ghali, likaukataa, likanunua wa TANESCO.

Hesabu ya harakaharaka ya chumba kama kile, kikiwa na kioo cheupe cha kawaida, ni hii. Kioo cha magharibi chenye mita za mraba 20, kikipigwa na wati 500 na kupitisha asilimia 80, kinaingiza kilowati 8 za joto, mzigo unaozidi uwezo wa viyoyozi viwili vya BTU 12,000. Kiyoyozi kizuri hutumia kilowati moja ya umeme kuondoa kilowati tatu za joto, kwa hiyo tunazungumzia kilowati 2.7. Zizidishe kwa saa tatu za alasiri na siku 200 za jua kwa mwaka, unapata uniti zipatazo 1,600. Kwa bei ya takriban shilingi 350 kwa uniti, chumba kimoja kinalipa zaidi ya shilingi 550,000 kila mwaka kwa sababu tu ya upande kilioelekea, bila kuhesabu bei ya viyoyozi vya ziada na mafundi wake.

Hapo ndipo hoja ya Rufiji inapoingia, na kwa maoni yangu ndiyo dhaifu kuliko zote. Wanaoitoa wanachanganya umeme uliozalishwa na umeme uliofika. Mwezi Machi 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alieleza mpango wa kununua umeme kutoka Ethiopia kwa ajili ya mikoa ya Kaskazini, sababu mojawapo ikiwa upotevu unaotokea umeme unaposafirishwa umbali mrefu kutoka vyanzo vya kusini na mashariki. Nchi inaweza kuwa na ziada bwawani na transfoma iliyozidiwa mtaani kwa wakati mmoja, na kinachoizidi transfoma ya mtaa wa ofisi saa tisa alasiri ya Februari ni viyoyozi vinavyopigana na jua. Pia maji si ahadi ya kila mwaka. Mgawo wa umeme wa mwishoni mwa 2023 haujasahaulika, na ukame wa miaka ya nyuma uliwahi kuyakausha mabwawa ambayo tuliambiwa yametosha. Zaidi ya hayo, umeme safi una kazi nyingine inayousubiri. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wameachana na kuni na mkaa ifikapo 2034, na treni ya SGR kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma inatembea kwa umeme. Uniti inayopikia maharage badala ya mkaa inaokoa mti. Uniti ileile ikitumika kuondoa joto ambalo kikinga-jua kingelizuia bure, hakuna ilichookoa. Umeme ukiwa mwingi, thamani yake iko katika kile unachochukua nafasi yake, na kosa la mchoro si miongoni mwa vitu vinavyostahili kubebwa nao.

Tuseme hata hivyo kwamba haya yote yatatuliwe: waya ziwe imara, mvua zinyeshe, umeme utoshe kila mtu. Kinachobaki ni kaboni ya vifaa vyenyewe. Kioo huyeyushwa katika tanuru la nyuzi zaidi ya 1,500, na kila kilo yake hubeba zaidi ya kilo moja ya kaboni dioksaidi. Kioo cha milimita 6 kina uzito wa kilo 15 kwa mita ya mraba, na kikiwa mara mbili ni kilo 30. Alumini mpya ni nzito zaidi kwa kipimo hiki, kwa kuwa kwa wastani wa dunia kila kilo hubeba zaidi ya kilo 10 za kaboni, na ukuta wa kioo wa ghorofa ndefu hushikiliwa na kilo kadhaa za alumini kwa kila mita ya mraba. Ukijumlisha, mita moja ya mraba ya ukuta huo inafika kilo 100 za kaboni bila shida. Ukuta wa tofali la saruji wenye lipu pande zote mbili, kwa makadirio yangu, huwa na mifuko isiyozidi mmoja wa saruji kwa mita ya mraba, na saruji hutoa kati ya kilo 0.6 na 0.9 za kaboni kwa kila kilo, sehemu kubwa ikitoka kwenye mawe ya chokaa yenyewe yanapochomwa; hesabu inaishia kilo 45 au pungufu. Ni kweli kwamba tofali zito hudai nguzo nene, kwa hiyo pengo halisi ni dogo kuliko linavyoonekana hapa, lakini halifutiki. Nalo hupanuka zaidi ukitumia matofali ya kufungamana ya udongo na saruji kidogo, yale ambayo Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi wameyafundisha kwa miaka mingi, na ambayo kwa sababu nisiyoielewa yameachwa yaonekane kama tofali la maskini.

Nitaambiwa kwamba kuna vioo vya kisasa vyenye utando usioonekana, vinavyozuia robo tatu ya joto la jua na bado vikapitisha mwanga. Vipo, na ni vizuri. Palipo lazima pawe na kioo, mwekezaji anunue hivyo. Ila ni bidhaa ya gharama, na katika miradi mingi ndicho kipengele cha kwanza kukatwa mkadiriaji majenzi anapotakiwa kupunguza bajeti, kwa kuwa jicho la mpita njia haliwezi kukitofautisha na kioo cha giza cha kawaida. Kivuli cha zege hakikatwi kirahisi namna hiyo. Vilevile sasa pana kiwanda cha vioo bapa Mkuranga, jambo jema kwa ajira na fedha za kigeni, lakini kioo kilichotengenezwa nyumbani hupitisha jua sawasawa na kilichosafiri kwa meli. Na vyeti vya majengo ya kijani havitutoi hapa moja kwa moja: cheti cha EDGE, kwa mfano, hutolewa kwa jengo linalookoa angalau asilimia 20 ya nishati, ya maji na ya nishati au kaboni iliyomo kwenye vifaa, likilinganishwa na jengo la kawaida la eneo husika. Ni hatua ya kweli, ila ni asilimia ya kitu kingine. Jengo lenye kioo kingi na mashine bora linaweza kupata alama zake na bado likatumia zaidi ya jengo la Mlimani lililosanifiwa vizuri miaka 60 iliyopita.

Kuna tahadhari moja inayohusu upande wa pili, wa wanaotaka kuyavika upya majengo ya zamani kwa paneli za alumini ili yaonekane mapya na yapoe. Tarehe 14 Juni 2017 watu 72 walikufa katika jengo la Grenfell Tower, London, baada ya moto kupanda kwa nje kupitia paneli zenye kiini cha plastiki, zilizowekwa katika ukarabati ambao mojawapo ya malengo yake lilikuwa kupunguza upotevu wa nishati. Ngozi ya jengo ni suala la uhai pia.

Wala jibu la Dar es Salaam lisibebwe kwenye lori na kushushwa Dodoma. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni kavu, na usiku wa Juni na Julai hushuka hadi nyuzi 14 au chini yake. Huko ukuta mzito ninaouonea mashaka pwani unafaa sana, kwa kuwa hewa ya usiku huupoza, na mchana nao hulichelewesha joto lisifike ndani mpaka wafanyakazi wameondoka. Mji wa Serikali pale Mtumba unajengwa katika hali ya hewa inayompa msanifu ofisi zisizohitaji viyoyozi vingi, na ingekuwa hasara kubwa tukiiga huko sura ya Posta, katikati ya Dar es Salaam.

Kwa nini basi makosa haya yanaendelea ilhali hesabu ni nyepesi? Kwa sababu anayejenga siye anayelipa Luku. Mwekezaji anauza sura: kioo kinang'aa katika picha ya tangazo, na benki inayotafuta makao makuu huitazama picha hiyo. Gharama ya jua la magharibi humwangukia mpangaji, kidogokidogo, kwa miaka, na mpangaji hana mamlaka juu ya ukuta. Soko haliwezi kurekebisha hili peke yake, kwa hiyo pana nafasi ya kanuni. Rwanda ilianza mwaka 2019 kwa mfumo wa masharti ya chini kabisa ya majengo ya kijani, yanayogusa majengo makubwa ya umma na ya biashara. Sisi tunaweza kuanza na dogo kuliko hilo, katika dirisha la kibali cha ujenzi la halmashauri. Kila mchoro unaopelekwa hapo tayari una mshale wa kaskazini. Afisa anayeukagua autazame mshale huo na kuuliza maswali mawili: ukuta wa magharibi na wa mashariki una kioo kiasi gani, na kioo hicho kinatiwa kivuli na nini. Hahitaji programu ya kompyuta wala mtaalamu kutoka nje kulielewa jibu, na mwombaji mwenye majibu mabovu arudishwe mezani kwake akiwa bado hajamwaga zege.

Kwa majengo yaliyokwisha kusimama, kipaumbele kiwe nje ya kioo. Pazia, hata liwe zito namna gani, na boksi la karatasi la mwenzetu yule, hukutana na joto likiwa limekwisha kuingia chumbani. Luva za wima, yaani vibao vya kukinga jua, zilizofungwa nje, kimia cha chuma kilichosimamishwa nusu mita mbele ya ukuta, au hata safu ya miti kwa ghorofa za chini, hulizuia kabla halijagusa kioo. Gharama yake ikilinganishwa na uniti 1,600 za kila chumba kila mwaka, mwenye jengo na mpangaji wanaweza kukaa chini wakaigawana ndani ya mkataba mmoja wa pango.